Irmtraud Hennecke na Vijiti Vinne vya Malishoni

Irmtraud Hennecke anastaafu tarehe 29 Septemba, siku ya Mtakatifu Mikaeli, baada ya miaka arobaini na mmoja katika shamba letu la ushirika la Erlengrund. Tarehe hiyo aliichagua mwenyewe. Ofisi ilipendekeza mwisho wa Agosti. Akafungua kalenda yake ya mwezi na nyota, akasema Agosti yote haifai kung'oa kitu chenye mizizi.

Alikuja akiwa na miaka ishirini na mitano, kusaidia kuchuma matunda kwa wiki mbili. Wanaokumbuka wanasema begi lake hakulifungua mpaka theluji ya kwanza, maana kila Jumamosi alikuwa anaondoka Jumatatu. Alianza kwenye karoti, akaenda kwenye kabichi, akaishia kwa ng'ombe, na hapo ndipo shamba lilipompata hasa. Wakati mashamba ya jirani yalikuwa yanakata ng'ombe pembe ili wabanane vizuri zizini, yeye alisimama mlangoni na uma wa samadi mkononi. Ng'ombe wetu wana pembe mpaka leo.

Mbegu ya karoti tunayopanda ni yake, ameichagua mwaka baada ya mwaka. Ile mboji ambayo wanachama huja kuiba kwa ndoo siku ya wazi, shamba linapokaribisha wageni, wakidhani hatuoni, ni yake pia. Lakini sifa yake kubwa ni pembe. Kila Septemba hujaza samadi pembe mia mbili na arobaini za ng'ombe waliokwisha kufa, huzizika malishoni, na kuzifukua karibu na Pasaka. Samadi ile huwa imegeuka udongo mweusi usio na harufu. Konzi moja huingia kwenye pipa la maji na kukorogwa saa nzima, mara kulia, mara kushoto, kisha tunanyunyizia mashamba yote ili udongo upate nguvu.

Kukoroga na Irmtraud si kazi ya mtu mwenye kinyongo. Ukija umenuna anakuona, anakunyang'anya mti wa kukorogea. Mwenyekiti wetu, Bwana Volkmar, ameondolewa kwenye pipa mara nyingi kuliko mtu yeyote. Mara moja alirudishwa nyumbani akapatane na mkewe kwanza. Alirudi baada ya saa mbili, wamepatana, na maji yalikuwa yamekwisha kunyunyiziwa.

Ng'ambo ya ua wa mpakani analima Ewald Dörfler, mtu wa mbolea ya gunia na trekta kubwa. Kwa miaka yote hii amekuwa akizima injini ili apate kumtania vizuri.

"Jirani, supu ya leo imekolea chumvi?"

"Njoo uonje, Ewald. Kijiko uje nacho."

"Na hizo pembe unazozika, zinaota ng'ombe?"

"Zikiota nitakuuzia mmoja. Atakufundisha kulima."

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kila sherehe ya mavuno hutuchekesha: ile masika, miaka tisa iliyopita, Irmtraud aliposahau alikozika pembe. Wengi mnakumbuka. Tulichimba mashimo thelathini na sita mpaka malisho yakaonekana kama fuko wamefanyia harusi pale. Mkaguzi alikuwa anakuja baada ya siku kumi, na bila kunyunyizia tusingepata muhuri wa kilimo chetu kisicho na kemikali. Shamba moja la jirani linalozika pembe kama sisi lilikubali kutugawia samadi yao. Irmtraud akasema kuazima samadi ni kama kuazima mswaki.

Kwenye mkutano Bwana Volkmar alizungumza kwa upole sana, jambo lililotutia hofu. Alisema umri ni umri. Alisema kama pembe hazitaonekana, Irmtraud akabidhi funguo za zizi apumzike. Alikuwa na miaka hamsini na saba. Sote tulimtazama yeye, naye alitazama mikono yake, akasema, "Nimesahau. Nifanyeje?"

Hakusahau. Mimi ninayeandika haya ndiye ninayejua, na leo nasema.

Nilifika Erlengrund mwezi wa Novemba mwaka ule kutoka Moldova. Pembe zilikwisha kuzikwa, wala hakuna aliyeniambia kwamba Wajerumani huzika pembe. Machi nilitumwa kusimamisha njegere. Nikatafuta vijiti. Kule malishoni nikaona vinne vizuri, vimenyooka, vimechongwa kichwani, vimesimama katikati ya nyasi bila kushikilia kitu. Nikasema moyoni, hawa watu wana mali ya kuchezea. Nikaving'oa. Irmtraud alikuwa na alama ya pili ya mahali pa pembe, tangi la maji ya ng'ombe, lakini tangi lina magurudumu, na kuna mtu alikuwa amelisogeza wakati wa baridi ili asilizunguke na toroli. Mtu huyo ni mimi tena.

Asubuhi baada ya mkutano alinikuta kwenye njegere. Aliinama, akapitisha kidole kwenye mchongo wa kisu chake.

"Vijiti vizuri, Grigore. Umevitoa wapi?"

Nilimwonyesha malisho kwa mkono, lakini nyasi zilikuwa zimeota na mahali hasa sikupakumbuka. Nilimwambia naenda kwa Volkmar sasa hivi.

"Huendi popote. Mkataba wako unaamuliwa lini?"

"Jumatano."

"Basi hadi Jumatano mimi ni mzee. Na baada ya Jumatano pia, usije ukaniharibia. Funga njegere."

Niliposema watamnyang'anya zizi, alijibu kwamba zizi wanaweza kumnyang'anya, ng'ombe hawawezi. Lakini nilimwona akiondoka. Hakupita njia ya zizi aliyoipita kila asubuhi.

Jumatatu ikapita. Jumanne Ewald Dörfler alizima trekta kwenye ua. Sote tulikaza shingo tukisubiri utani.

"Mnachimba kisima?"

Akavuka ua, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaenda kwenye mpea ulio malishoni, akageuka kuelekea mnara wa kanisa, akahesabu hatua kwa sauti. Kwenye ya hamsini na tatu akapiga kisigino chini.

"Hapa. Nilikuwa nakula mkate wangu pale kwenye ua mlipokuwa mkizika. Mwaka wa kabla ilikuwa karibu na ua, na kabla ya hapo kule bondeni. Mnadhani mtu anacheka miaka thelathini bila kutazama?"

Pembe zilikuwa futi mbili chini ya kisigino chake. Irmtraud alimpa mti wa kukorogea, na Ewald alikoroga saa nzima bila kusema neno. Kesho yake alirudi kwenye utani wake.

Muhuri tuliupata. Zizi lilibaki kwake. Mkataba wangu ulisainiwa Jumatano, nami nimefunga njegere hapa tangu siku hiyo. Aliniapisha nisiseme maadamu yuko kazini. Kuanzia tarehe 29 hayuko kazini; siku chache zilizobaki anisamehe.

Nimeona zawadi ambayo kamati imenunua. Ni dira nzuri ya shaba, imeandikwa jina lake, ili asipotee tena. Nawaomba jina lifutwe. Dira nipeni mimi. Yeye mpeni vile vijiti vinne, ninavyo, nimevihifadhi juu ya dari la zizi, na michongo bado inasomeka.

Irmtraud, asante kwa pembe, kwa karoti, na kwa Jumatano ile. Uende na mwezi mzuri, miguu yako isiume, na ng'ombe wakuite uani kila utakapopita. Siku ya kuondoka kwako tutazika pembe kama kawaida. Ewald ameahidi kuja na mkate wake.

Grigore, zizini na kwenye bustani ya njegere