Shangazi wa Tanuri na Figo Yake Moja

Ifikapo tarehe 30 Juni, Shangazi wa Tanuri atavua aproni aliyoifunga kiunoni kwa miaka ishirini na tisa, na sisi wa kiwanda cha mikate hatujui tushangilie au tuandae leso. Jina hilo lilitoka kwa watoto wa mdogo wake wa kiume, waliokuwa wakimfuata hapa kuomba mikate ya moto. Nasi tukalidandia.

Alianza kwa kufagia unga, akapanda hadi kuwa msimamizi wa tanuri. Mkate ukiungua, hakufoka. Aliuweka mezani wakati wa chai, ukatutazama hadi mhusika akajitaja mwenyewe.

Miaka mingi iliyopita alimpa mdogo wake huyo figo moja. Aliporudi kazini, tulikaa kikao bila yeye kujua, tukaafikiana kwamba figo iliyobaki isichoshwe. Tukalificha jagi la maji. Yeye, katika joto lile la tanuri, akadhani ni kanuni mpya ya usafi, akaitii mpaka kizunguzungu kikamwangusha juu ya magunia. Muuguzi alitukalisha chini kama watoto na kutueleza kwamba figo inahitaji maji. Nusura wema wetu umtoe roho.

Tangu hapo hatujaacha kuchanganyikiwa. Aliyekuwa mgonjwa ni mdogo wake, na leo ana kitambi na vichekesho. Aliyekuwa mzima ni Shangazi, naye ndiye anayepimwa presha, damu na mkojo kila mwaka. Daktari alimweleza kwamba wengi waliotoa figo huzeeka salama. Hatari ya iliyobaki kushindwa kazi ni ndogo, ila ni kubwa kidogo kuliko kama wasingetoa. Nimeigeuzageuza kauli hiyo na bado sijui kama ni habari njema.

Ameniruhusu niandike kwamba safari hii presha imepanda, na mkojo umeonyesha protini, dalili kwamba figo huenda inaelemewa. Mdogo wake aliposikia alilia. Shangazi akamuuliza kama anataka kuirudisha figo, wakacheka wote wawili, machozi hayajakauka.

Majibu ya kipimo cha marudio yanatoka asubuhi ya sherehe yenyewe ya kumuaga. Tulimsihi aahirishe kliniki, akakataa katakata. Anayeagwa, alisema, hawezi kuachwa na sherehe yake mwenyewe; atatukuta. Basi tutaanza bila yeye, na keki isiguswe hadi afike. Mbele ya kiti chake tutaweka jagi la maji, limejaa hadi mdomoni.

Asante, Shangazi. Tunakutakia uzee mrefu, wewe na figo yako.