Maisha ya Nilo Bentancor, Mtu Asiyetaka Kupewa Ushindi

Wafiwa wenzetu, majirani wa mtaa wa bandarini, wenzake wa ushirika wa maziwa, na ninyi wageni wa Rueda, lile jukwaa la mtandaoni, mliojaa pale mlangoni na mabegi ya kompyuta mgongoni, familia imemchagua shangazi wa Nilo, Élida, ndiye huyu mnayemsikia, awasomee maisha yake, si kwa sababu kasoma sana, maana darasa la nne lilimtosha, ila ana sauti, na wengine wote leo zimewakauka, basi tunaomba utulivu, gari la kumchukua linafika saa kumi kamili na dereva wake hana subira, na nyie wawili wa nyuma mnaobishana kuhusu utepe wa shada, mmoja wenu akubali kukosea kwa muda, mtaendelea nje.

Nilo Heber Bentancor alizaliwa Jumapili tarehe 14 Machi 1971, hapa hapa Mercedes, mkoa wa Soriano, mtoto wa pili wa marehemu Artigas Bentancor, fundi wa reli, na Nelly Techera, mshonaji, huyu hapa mbele amekaa, na alitoka tumboni kabla mkunga hajavua koti lake, na tangu siku hiyo hakutulia, mama yake alimfunga mkanda kwenye kiti ili apate kula, na hata akilala mguu wa kulia ulikuwa unacheza peke yake, mkilala naye kitanda kimoja mnaamka mmechoka kama mliokuwa safarini.

Alipokuwa na miaka saba baba yake alimwachia ashinde karata, mtoto mdogo, mvua inanyesha, mzee anataka akalale, lakini Nilo akazitazama zile karata akasema, "Baba, hii umenipa, siitaki, gawa upya," na mzee alipokataa akazimwaga zote kwenye beseni la kufulia, mzee Artigas akacheka mpaka akakaa chini, akamwuliza mkewe, "Nelly, hebu niambie ukweli, huyu mtoto ni wa nani?"

Alianza shule ya msingi mwezi Machi 1977 na kumaliza Desemba 1982, kisha akaingia shule ya ufundi hapa mjini, akasomea umeme, akapata cheti chake tarehe 16 Desemba 1988, ingawa mwaka wa tatu alisimamishwa wiki nzima kwa kumbishia mwalimu kuhusu redio ipi ni bora mpaka kengele ya kutoka ikalia na darasa lote likaondoka wakabaki wao wawili, na tuseme kweli maana maiti hasingiziwi, siku ile mwalimu ndiye aliyekuwa sahihi, Nilo alikosea na alijua kwamba amekosea, ila hakuona kama hiyo ni sababu ya kunyamaza.

Tarehe 1 Februari 1989 aliajiriwa kwenye karakana ya redio na televisheni ya mzee Eladio Fuentes, na tarehe 3 Mei 1994 akahamia ushirika wa maziwa kama fundi umeme, na kompyuta zilipoletwa pale mwaka 1996, zikiwa kwenye maboksi, kila mtu akizikwepa kama nyoka, Nilo akazifungua, akazipenda, akawa mlezi wao hadi tarehe 30 Novemba 2022, na katika miaka hiyo alionywa kwa barua mara mbili, zote kwa kosa moja, kwamba maziwa yanapimwa getini na yeye yuko ndani anamjibu Dardo, rafiki yake wa mabishano ambaye tutamfikia.

Alifunga ndoa na Graciela Olivera, msusi, Jumamosi tarehe 13 Desemba 1997, na tarehe 6 Agosti 1999 wakajaliwa binti yao wa pekee, Maite, ambaye sasa ni mchoraji wa ramani za nyumba, na ndoa yao ilikuwa nzuri, tena ya vicheko, ila tusimalize bila kuutaja ule usiku wa kuamkia tarehe 24 Desemba 2003, pale Nilo alipobadilisha kompyuta ya saluni bila ruhusa, akatoa mfumo uliokuwemo, Windows, akaweka wake wa Linux, na asubuhi, Krismasi ikiwa kesho yake, wanawake wa mji mzima wamekaa na nywele mbichi, printa imegoma na miadi ya siku nzima haionekani, Graciela akamwambia mbele ya wateja, "Nilo, mpenzi wangu, rudisha kompyuta yangu kama ulivyoikuta, au mfuko wako wa nguo unautaka upelekwe kwa mama yako?" naye akarudisha, huku anaguna kama aliyeambiwa amtoe mbwa wake nje kwenye baridi.

Kwa wale wa rika letu ambao hamjui hawa watu wa kompyuta walikuwa wanapigania nini, alivyoelezwa shangazi ni kwamba kompyuta ukiiwasha kuna kitu kinaamka kwanza, ndicho kinachoamsha vingine vyote, sasa kuna cha kununua na kuna cha kupewa ambacho kila mtu anaruhusiwa kukifungua na kukitengeneza, na watu wazima wenye wake na madeni na maumivu ya mgongo wanaweza kuzozana miaka ishirini kuhusu kipi ni bora, na wakikutana na mtu wa tatu asiyejali wanamwona ndiye mwenye ugonjwa.

Nilo aliingia jukwaa la Rueda mwezi Julai 2001, na kule hawaitani kwa majina ya wazazi, yeye alikuwa Tero, yule ndege wetu wa mashambani anayepiga kelele ukikanyaga tu majani, na wiki ileile alikutana na mmoja aitwaye Carpincho, jina la yule mnyama mnene wa mtoni asiye na haraka, kumbe ni Dardo Silvera wa Fray Bentos, mtunza stoo ya vipuri, mtu wa Windows, mzito, mpole, asiyeandika mpaka amemaliza kibuyu chake cha chai chungu, na Nilo akiandika mistari hamsini Dardo anamjibu mmoja, kama ule wa kwanza kabisa uliosema, "Rafiki, mfumo wako ni mzuri sana, nimemwona fundi wake akilia," na Nilo akajibu, "Afadhali mimi ninayelia nyumbani kwangu kuliko wewe mpangaji ndani ya kompyuta yako mwenyewe," na hapo ndipo ilipoanza.

Miaka mitano walizozana bila kuonana uso, mpaka Jumamosi tarehe 22 Aprili 2006, siku ya kuweka mifumo, ambapo Nilo na wenzake huchukua ukumbi wa klabu ya mpira wa vikapu, watu wanaleta kompyuta zao, wanawekewa Linux bila malipo, wanapewa na keki, na siku hiyo kumbe Dardo amekuja na basi la asubuhi, akatandika meza yake ndogo kwenye mlango wa kutokea, na kibao cha kadibodi kimeandikwa, "Tunarudisha ilivyokuwa," na mtu akitoka kwa Nilo anaona kile kibao anasita, Nilo akaja mbio na bisibisi mkononi, akauliza, "Wewe ni nani?" yule akanyanyua macho taratibu, "Ni Carpincho, na wewe unaonekana mfupi kuliko kelele zako," wakatazamana, Nilo akavuta kiti akakaa palepale mlangoni, watu wakawa wanawaruka, na basi la mwisho la Fray Bentos likaondoka Dardo bado anasema, akalala kwenye kochi la Graciela, na kuanzia siku ile hakuna sikukuu iliyopita bila huyu kwenda kule au yule kuja huku.

Na Maite alipofikisha miaka kumi na tisa akanunua kompyuta kwa mshahara wake wa kwanza, si ya upande wa baba wala ya upande wa Dardo, ya tatu kabisa, nyeupe, akawaambia, "Nyie wazee, mimi nataka iwake nifanye kazi," na hiyo ndiyo siku pekee ambayo wale wawili walikuwa upande mmoja, walikaa uani kama waliofiwa, Dardo akimpigapiga mwenzake begani akisema, "Vumilia, tumelea vibaya."

Mwezi Oktoba 2022 Nilo alianza kupungua mwili na kushika tumbo, na Alhamisi tarehe 10 Novemba daktari akamwita Graciela kwenye korido, akamwambia ni saratani ya kongosho na kwamba hatafika majira ya baridi, na familia ikaamua, kama familia zetu zinavyoamua, kwamba Nilo asiambiwe, aambiwe ni kidonda cha tumbo, kwa sababu sote tulimjua, Nilo alikuwa anaishi kwa jambo ambalo halijaisha, na akisikia lake limeshaisha angegeukia ukutani siku hiyohiyo, kwa hiyo tukatabasamu mpaka mashavu yakauma, na yeye akawa anakula kidogo, anasinyaa, lakini kila asubuhi anadai simu yake amjibu Dardo, na mguu ule wa kulia chini ya shuka unacheza.

Alilazwa tarehe 20 Machi 2023, na Ijumaa yake Graciela kwa upendo wake akampigia Dardo simu, akamweleza yote, akamwomba, "Usimbane sana, Dardo, amechoka," na Dardo, ambaye hana roho ya kuumiza hata mende, akakaa siku tatu hakuandika kitu, na Jumatatu tarehe 27 Machi akaandika mbele ya jukwaa zima, watu mia mbili wanasoma, "Tero, nimefikiria sana, miaka yote hii ulikuwa sahihi na mimi nilikosea," na nusu yenu mlioko pale mlangoni mkapiga makofi, mkaweka na vijimoyo.

Nilo alisoma maneno yale mara moja, akaweka simu kifuani, na mguu wake ukatulia, shangazi yake alikuwa pale anamenya chungwa, aliuona ukitulia, na Nilo akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe nakufa," Graciela akasema, "Nani kakwambia upuuzi huo?" naye akajibu, "Dardo, sasa hivi, na huyo hawezi kuwa amekubali kwa akili zake," kisha akageukia ukutani, akakataa supu, akakataa dawa, siku mbili hakusema na mtu, na sisi tulioficha miezi yote ile tukabaki tunatazamana kama wezi.

Jumatano tarehe 29 Machi Maite aliendesha gari mpaka Fray Bentos akamchukua Dardo stooni kwake na aproni yake, na alipoingia wodini Nilo hakugeuka, alisema tu na ukuta, "Rudisha neno lako," Dardo akasema, "Siwezi, Nilo, nililitoa moyoni," Nilo akajibu, "Ulilitoa kwenye huruma, mimi sikukuomba huruma, miaka ishirini na moja nimekuheshimu, sikukuachia hata nukta moja, na wewe unanitupia ushindi kama mfupa," Dardo amesimama na kofia yake, machozi yanamtoka, anatafuta pa kuweka mikono, halafu akavuta kiti, akapenga kamasi, akasema, "Haya, ukitaka ukweli, ule mfumo wako ni wa watu wasio na familia," na Nilo akageuka.

Walizozana mpaka muuguzi Zulma akamtoa Dardo nje kwa kumshika mkono, Nilo akiwa ameketi, mashavu yana damu, anasema aletewe nyama ya kukaanga, na akala, si nyingi, lakini akala, na kuanzia hapo akatuambia kila mtu aache kumdanganya, akamfundisha Maite bili zinapolipwa, akamwomba mama yake msamaha kwa mambo ambayo mama yake hakuyakumbuka, akamwambia Graciela maneno ambayo ni ya Graciela, na katikati ya hayo yote anamshambulia Dardo kwenye Rueda asubuhi na jioni.

Nilo Heber Bentancor alifariki jana, Jumanne tarehe 18 Aprili 2023, saa nane na nusu mchana, baada ya kuandika asubuhi nzima kuhusu kompyuta zinazojibadilisha bila kumwuliza mwenyewe, akaomba kitanda kinyanyuliwe ili asubiri jibu vizuri, akalala, hakuamka, na saa tisa, Dardo akiwa hajapata habari, jibu likaingia, nalo lilisema, "Tero, umepiga kelele tangu alfajiri na hujasema kitu, ukichoka njoo nikufundishe kuwasha printa," Graciela akamsomea mumewe palepale kitandani, akacheka kwanza, kisha akalia.

Sasa Dardo tangu asubuhi yuko nje kwenye ngazi, hataki kuingia, kila anayepita anamwomba amfikishie Graciela ombi lake, kwamba aruhusiwe kuyafuta yale maneno, haiwezekani neno la mwisho kwa rafiki liwe tusi, na wenzake wa Rueda nao wamekuja na mpango wao, wanataka kuufunga ule ukurasa, waweke maua, waandike kwamba Nilo alikuwa sahihi daima, na familia ilikaa chumba cha nyuma kabla ya kuja hapa, mama yake, mkewe na binti yake, ikakubaliana hivi, halifutwi neno hata moja, ukurasa haufungwi, na atakayeandika kwamba alikuwa sahihi daima asije kula kwetu, na wewe Dardo, mlioko mlangoni naomba mumpishe, ingia, mshikio wa mbele wa jeneza, upande wa kushoto, ni wako, pamoja na Maite.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, hasa Zulma aliyemtoa Dardo nje kwa haki na kumrudisha kwa huruma, tunawashukuru majirani kwa supu na maandazi na kwa kutoangalia saa, tunaushukuru ushirika wa maziwa uliofunga geti lake leo, na tunawashukuru ninyi wa jukwaani, mliosafiri kutoka ng'ambo ya mto na kutoka Montevideo kumzika mtu ambaye wengi wenu mlimjua kwa matusi tu.

Nilo, mwanetu, tulia sasa, zamu ya kujibu ni yako, na hakuna anayekuharakisha.