Mirzaman na Maganda Yaliyopigwa na Moto

Wasikilizaji wapendwa, popote redio yenu ilipo leo, jikoni, dukani au kwenye gari linalopanda mlima, punguzeni kelele kidogo. Leo tunamkumbuka Mirzaman wa Darra, mji wetu wa mafundi bunduki, mchambuzi wa maganda ya risasi. Mirzaman alifariki wiki iliyopita. Amezikwa kwao, upande wa juu wa soko.

Wengi mlimjua kwa sura. Mwembamba, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi, amekaa mkekani mbele ya duka la kaka yake, Haji Sarbiland. Mbele yake gunia la maganda ya shaba yaliyokwisha kupigwa. Kazi yake ilikuwa moja: kusema lipi lijazwe baruti tena na lipi likayeyushwe.

Alichota machache kiganjani, akayatikisa karibu na sikio. Lenye ufa hutoa sauti ya kibuyu, hata kama jicho halioni kitu. Kisha aliingiza waya mwembamba uliopinda ncha, akapapasa ndani karibu na kitako. Waya ukikwama kwenye mfereji, ganda hilo limevutika. Likipigwa tena litakatika. Mwisho alitazama tundu la fataki, ile inayowasha baruti, kama limelegea.

Watu walimtania. Muuza kababu wa jirani alikuwa akimwambia, "Mirzaman, unachagua ganda au unachagua mchumba?"

Naye alikuwa akijibu bila kuinua kichwa, "Mchumba ukimkosea utalia wewe. Ganda ukilikosea atalia mwenzako."

Mirzaman alifiwa na baba akiwa bado mtoto wa kubebwa. Sarbiland ndiye aliyemlea. Ndiye aliyemfundisha kazi, akamwoza, akamjengea chumba. Shikeni hilo, wasikilizaji. Sarbiland alikuwa kaka, lakini nyumbani alikuwa baba. Kwetu sisi, neno la aliyekulea hulipingi.

Mwaka ule wa mvua nyingi, lori la vyuma chakavu liliwaka moto kwenye kona za mlimani. Katika mzigo ule kulikuwa na magunia ya maganda ya risasi. Sarbiland akayachukua kwa bei ya majivu. Mirzaman alifungua gunia la kwanza, akashika ganda, akalinusa. Akashika la pili. Akafunga gunia.

"Kaka, haya yamepigwa na moto. Hayafai."

"Si wewe mwenyewe huwa unayachoma moto?"

"Mdomo, kaka. Mdomo tu, kidogo, ulainike usipasuke. Kitako hakiguswi. Kitako kikilainika hakizuii kitu. Baruti itarudi usoni kwa mpigaji."

"Yote?"

"Yote. Yayeyushwe."

Sarbiland akajaza chai kikombe cha mdogo wake. "Majira ya harusi haya," akasema. "Watu nimeshawaahidi risasi. Tutaangalia."

Siku hizohizo Mirzaman akaenda na mkewe, Shahperi, kumzika mjomba wa mke, ng'ambo ya milima. Waliporudi, magunia yalikuwa yamefunguliwa. Maganda yalikuwa yamezungushwa kwenye pipa la pumba mpaka yakang'aa kama bangili mpya. Rangi ya moto ilikuwa imeondoka. Na yalikuwa yamechanganywa na mazima. Sehemu kubwa ilikuwa imekwisha kujazwa na kuuzwa.

Mama Shahperi alituambia hivi: "Alimwaga yaliyobaki sakafuni. Akayatikisa moja moja. Nikamletea mkate, ukapoa. Mwisho akaniambia, 'Shahperi, siyajui. Yote yananidanganya kwa sauti moja.' Sikuwahi kumwona vile. Alikuwa kama mtu aliyepotezwa njia ya nyumbani kwake."

Yaliyobaki aliyapeleka kwenye tanuru mwenyewe. Sarbiland alimtazama akipita nayo, hakumzuia.

Lakini yaliyouzwa? Wasikilizaji, risasi ikishatoka dukani ina miguu. Mirzaman alipita mlango kwa mlango. Alisimama kwenye baraza za wageni, kofia mkononi, akiomba arudishiwe risasi zile. Wengine walimpa kiganja kimoja cha risasi, kwa heshima tu. Wengine walicheka.

"Mlituuzia nyinyi, leo mwazitaka nyinyi. Bei imepanda, siyo?"

"Si bei, ndugu yangu. Ni mbovu."

"Haya, zipi mbovu? Zionyeshe."

Wakazimimina mezani mbele yake. Akazitazama. Zilikuwa zimefungwa tayari, zinang'aa, zote sawa. Hakuweza kuonyesha hata moja. Akashukuru chai, akatoka, na kicheko kikamsindikiza hadi barabarani.

Haukupita muda mrefu. Lalzada, jirani yake na mwenziwe wa tangu utoto, alitoka alfajiri kufukuza nguruwe mwitu shambani kwake. Alipiga risasi moja. Bunduki ilitema nyuma. Jicho la kulia likaenda.

Mirzaman alimfuata hospitali, mjini Kohat. Lalzada alikuwa amefungwa bandeji nusu ya kichwa. Risasi ilikuwa ya duka la Sarbiland, hilo wote walilijua.

"Mirzaman," akamuuliza, "ganda hili lilipita mkononi mwako?"

"Nililikataa."

Lalzada akasema, taratibu, bila hasira, "Basi ungelikataa kwa sauti kubwa zaidi."

Tumemuuliza Lalzada kama kweli alisema maneno hayo. Alisema, "Nilisema. Nilikuwa na maumivu. Baadaye nilimwambia nimeyafuta. Lakini yeye hakuyafuta."

Haji Sarbiland alipeleka kondoo mlangoni kwa Lalzada, akaenda na wazee, akavua kilemba kuomba msamaha. Lalzada alipokea. Sarbiland akafunga kazi ya kujaza risasi kabisa, na miaka michache baadaye akafariki. Mirzaman alimwosha kwa mikono yake. Wasikilizaji, hatukusikia hata siku moja akimsema vibaya kaka yake. Hata mkewe hakusikia.

Mkeka wa Mirzaman ukakunjwa. Akawa anauza kamba na sabuni. Lakini kila bunduki ilipolia bondeni, na nyinyi mnajua hapa kwetu hulia mara ngapi, harusi, mtoto wa kiume, mwezi wa Idi, yeye aliweka kikombe chini. Alisubiri. Alisikiliza kinachofuata mlio: vigelegele na ngoma, au ukelele wa msiba. Zikija ngoma, alikunywa chai yake.

Binti yake, Nazdana, alipoolewa, Mirzaman aliwaomba wakwe wasipige bunduki. Walikubali. Kisha msafara wa bwana harusi ukafika, vijana wamejaa furaha, na bunduki zikainuliwa. Mirzaman alipenya katikati yao akiwashika mikono.

"Wanangu, nionyesheni kwanza. Nionyesheni risasi zenu."

Mmoja, kwa adabu, alifungua akampa. Mzee akazigeuza kwenye mwanga, akazisugua kwa kidole gumba. Wote wakamsubiri. Fundi wa zamani, atasema nini? Akazirudisha.

"Sijui," akasema.

"Basi, baba mkwe, kaa pembeni, vumbi lisikuchafue," wakamwambia kwa upole. Wakapiga.

Nazdana alikuwa dirishani. Anasema, "Baba alisimama ukutani, viganja ameviweka masikioni, uso ameugeuzia kwenye matofali. Mlio baada ya mlio. Hakuumia mtu. Walipomaliza alikuja kunibusu kichwani. Nikamwambia, baba, unaona, imepita salama. Akaniambia, 'Ya leo, mwanangu.'"

Mwaka huu kifua kilimlaza. Siku ya mwisho mchana, jirani alipata mtoto wa kiume, na bunduki zikalia mtaa wa pili. Mirzaman aliinua mkono kitandani, watu wanyamaze. Mama Shahperi aliinama sikioni kwake.

"Ni ngoma, Mirzaman. Wanacheza."

"Una hakika?"

"Nazisikia."

Aliushusha mkono. Jioni aliaga dunia.

Mama Shahperi, dada yetu Nazdana, na wewe Lalzada uliyelibeba jeneza begani kutoka nyumbani hadi kaburini: sisi wa studio hii tunasema poleni. Mungu amlaze mahali penye utulivu, na awape nyinyi subira.

Na sisi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tukae na jambo hili. Mtu alituambia, tukamtaka ushahidi ambao hakuwa nao. Tukamcheka akiwa amesimama mlangoni petu, kofia mkononi. Risasi za magunia yale hazijaisha. Zimo kwenye masanduku yetu, juu ya milango, ndani ya mikoba ya ngozi ya marehemu baba zetu. Hakuna awezaye kuzitenga tena, na aliyekaribia kuweza tumemzika.

Lalzada ametuomba tuwatangazie hivi. Mwenye risasi zilizonunuliwa duka la Sarbiland mwaka ule wa mvua, azilete kwake. Hatauliza swali. Atazitoa baruti, na shaba ataipeleka kwenye tanuru. Tangu mazishi anakaa mbele ya duka lile lililofungwa, kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, na ndoo tupu.

Tumepita hapo leo tukija studio. Alikuwepo. Ndoo bado ni tupu.