Mwalimu Verediane Mukarwego, Mwenye Darasa la Kirusi la Gisenyi

Ndugu, majirani na wageni wetu, mimi Wenceslas, kaka wa marehemu, ndiye niliyepewa kazi ya kusoma maisha yake. Nimeombwa nifupishe, kwa sababu magari ya kurudi yamekodiwa kwa saa. Zamani hakuna aliyemharakisha marehemu. Nitafupisha.

Verediane alizaliwa tarehe 3 Machi 1954 huko Kanama, mtoto wa tatu wa mzee Ndayisaba. Mwaka 1961 familia ilikimbilia Tanganyika kwa sababu ya machafuko ya hapa kwetu, naye akaenda kwa miguu yake mwenyewe hadi Karagwe, akikataa kubebwa.

Alisoma Karagwe, kisha Bukoba. Mimi nilibaki na ng'ombe. Jioni alinifundisha aliyofundishwa asubuhi, mengine nilijisomea. Mwaka 1975 alipata nafasi ya kusoma ualimu wa lugha huko Voronezh, katika Urusi ya Kisovieti, akahitimu mwaka 1981.

Alifundisha Bukoba hadi tuliporudi nyumbani mwaka 1996. Hapa alifundisha Kiingereza katika shule ya sekondari karibu na Mahoko, akastaafu mwaka 2019. Watu walidhani atakaa apumzike. Badala yake alifungua darasa barazani kwake, la vijana waliotaka kwenda kusoma Urusi. Kiingereza walikuwa nacho tayari, kwa hiyo aliweka vitenzi vya lugha hizo mbili bega kwa bega. Kiingereza, alisema, kinakuuliza kwanza ulifanya lini. Kirusi kinakuuliza kwanza kama ulimaliza. Aliyeshindwa kuelewa alipewa kisu na beseni la viazi vya Mudende. Akimenya, alisema kitenzi cha kwanza, cha kazi inayoendelea. Beseni likiisha, ndipo aliruhusiwa kusema cha pili, cha kazi iliyokwisha.

Siku moja Mama Diane, jirani yetu anayefanya biashara Goma, alisimama langoni.

"Mwalimu, hii iko masomo ao iko restora?"

"Vyote viwili. Ingia, kisu kingine kipo."

"Aa! Mi niko na vya kwangu vya kumenya!"

Lakini aliingia, akamenya, na hadi leo anajua vitenzi viwili vya Kirusi.

Tarehe 20 Agosti 1983 alifunga ndoa na Bahizi, fundi wa redio, mtu mpole aliyemwachia mke wake maneno yote. Walijaliwa watoto wawili. Bahizi alifariki mwaka 2012.

Mwezi wa Februari mwaka huu madaktari walimkuta na kansa ya tumbo. Wakati huo wanafunzi walikuwa wamemkimbia. Siku hizi simu ndiyo mwalimu, na haimwambii mtu amenye viazi. Alibaki na mmoja, mjukuu wake Iribagiza, aliyemlea tangu akiwa mdogo, na ambaye usaili wake wa kwenda Urusi ulipangwa Kigali, Ijumaa tarehe 17 Oktoba. Watoto walimsihi apumzike. Alihamishia darasa kitandani.

Jumapili iliyopita alituita.

"Nikifa kabla ya Ijumaa, msiahirishe maziko, wala usaili usikosekane."

Iribagiza alimlilia bibi yake. "Nyogokuru, siendi. Watu watasema nini, mjukuu hayupo kaburini?"

"Waniseme mimi. Nitakuwa nimelala, sitasikia."

Nilibisha. Nilimwambia kwamba kwetu mtoto hutupa udongo juu ya mzazi wake, na kwamba mila nyingi zimekwisha kufa, tusiiue na hii. "Wewe ulibaki na ng'ombe kwa ajili yangu," alisema. "Huyu asibaki na kaburi. Na ni wewe utakayewaambia watu."

Alifariki Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, akiwa nyumbani.

Leo ni Ijumaa. Wapo walioanza kunong'ona tangu kanisani wakimtafuta Iribagiza. Yuko Kigali, mbele ya wasaili. Hakukosa heshima: ametumwa, na aliyemtuma ni huyu tunayemzika. Mwenye neno aje kwangu, asimsubiri mtoto njiani. Udongo wake nitautupa mimi.

Marehemu ameacha watoto wawili, Karangwa na Resty; wajukuu watano; mimi kaka yake; na wanafunzi walio Mahoko, Goma na Urusi.

Verediane, dada yangu, Mungu akupokee na akupe amani. Mtoto amekwenda.