Flasha ya Mzee Sylvesta

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Kibondo, Kasulu na kule kambini Nyarugusu, mwakeye, salamu kwenu. Leo tunamkumbuka fundi. Fundi pikipiki. Sylvesta Nkunzimana, Mzee Sylvesta wa indiketa, aliyetutoka mwezi uliopita pale Kasulu mjini akiwa na miaka sitini na nne.

Wa indiketa, ndiyo. Huku kwetu, tusidanganyane, dereva wa bodaboda akitaka kukata kona anatoa mguu. Mguu wa kulia, anakata kulia. Mguu wa kushoto, kushoto. Mzee Sylvesta hakutaka hata kusikia. "Mguu ni wa kutembelea," alikuwa akisema. "Kwenye vumbi la lori nani atauona mguu wako?" Ukimpelekea pikipiki abadilishe cheni, haitoki mpaka indiketa zote nne ziwake na kuzima. Una haraka? Pole yako. Utakaa kwenye benchi, utatukana kimoyomoyo, na utaondoka na indiketa.

Alizaliwa Nyakitonto, kwa wazazi waliovuka kutoka Burundi. Ufundi aliuanzia Kibondo, kwa baiskeli, kisha akafungua gereji yake Kasulu. Binti yake wa mwisho, Esperance, alipomaliza kidato cha nne aliingia humo na hakutoka tena. Mwaka huu ametimiza miaka tisa kwenye grisi.

Somo lake la kwanza lilikuwa flasha, kile kidude kidogo kinachofanya indiketa iwake na kuzima. "Flasha inasingiziwa sana," baba yake alimwambia. "Anza na balbu. Kisha waya. Kisha betri. Vyote vikiwa sawa, chomoa flasha, unganisha zile waya zake mbili. Taa ikiwaka ikaganda, hapo sasa flasha imekufa." Akishafunga mpya, Mzee alimshikisha mwenye pikipiki ile flasha kwa kidole, asikie inavyogonga, wakahesabu wote wawili kwa Kiha: rimwe, kabiri, gatatu, mpaka kumi. Kumi bila kuruka, nenda zako.

Madereva walimpenda Mzee. Kwa binti yake, mmh. Wanamkuta ana grisi mpaka kwenye viwiko, wanamuuliza, "Mzee yuko wapi?" Pasikali, mwenyekiti wa kijiwe cha stendi, ndiye aliyezidi. "Dada yangu, sina ubaya na wewe," anasema, "lakini hii pikipiki ndiyo shamba langu. Namsubiri Mzee." Na anasubiri kweli, hata saa tatu nzima.

Ilimuuma Esperance. Tulipomtembelea alituambia bila kuficha: "Nilijua baba akiondoka, na gereji imeondoka."

Mwezi uliopita presha ilimpanda Mzee. Katika siku hizo alifika Immaculée, mhudumu wa afya pale kambini Nyarugusu. Flasha ya pikipiki yake imekufa, na madukani Kasulu zimekwisha. Mzee akaenda kwenye pikipiki yake mwenyewe, ile nyekundu, akachomoa flasha yake, akamfungia. "Wewe unafuata wagonjwa," akamwambia. "Mimi nafuata kanisa tu, tena siku hizi hata huko sifiki."

Esperance alikuwa sokoni, hilo hakuliona. Kesho yake asubuhi baba akamtuma Kigoma. "Niletee flasha. Moja. Leo leo." Moja! Safari yote ile kwa kitu kinachoenea kwenye kiganja! Alikwenda akinung'unika. Aliporudi jioni alikuta watu wamejaa uani na mama yake amekaa chini.

Flasha ilibaki mfukoni mwa koti lake. Siku mbili hakuigusa. "Nilimkosa baba yangu kwa ajili ya flasha," alituambia.

Siku ya mazishi, wasikilizaji wapendwa, madereva walimsindikiza kama wanavyosindikizana wao kwa wao: pikipiki themanini nyuma ya pikapu yenye jeneza, indiketa za kushoto zinawaka na kuzima njia nzima hadi Nyakitonto. Mbele ya pikapu alitangulia Esperance, juu ya ile nyekundu ya baba.

Walipokaribia kijijini, Pasikali alimfikia ubavuni akapaza sauti: "Indiketa yako haiwaki!"

Esperance akasimama katikati ya barabara. Pikapu ikasimama. Msafara wote ukasimama. Baba yake mdogo akateremka amefura. "We mtoto, maiti haisimamishwi njiani! Mambo ya taa baadaye!"

"Baba mdogo, unisamehe," akasema. "Baba haendi kaburini nyuma ya pikipiki isiyo na indiketa."

Akaanza na balbu. Waya. Betri. Akafungua kava la ubavuni. Mahali pa flasha palikuwa patupu, na zile waya mbili zimefungwa vizuri, kila moja kwa kipande chake cha tyubu. Aliitambua kazi ya baba yake.

Mama yake, Mama Maximilla, alishuka akaja kuchungulia. "Mwanangu, kumbe bado hujaifunga? Si ndiyo ile flasha aliyokutuma Kigoma? Ulipoondoka tu asubuhi ile alisema, pikipiki hii ni ya Esperance, na gereji ni ya Esperance, ila haitoki uani kwangu bila indiketa."

Esperance alilia palepale, amechuchumaa. Kisha akaingiza mkono kwenye koti, akaitoa flasha, akaifunga. Akabonyeza. Rimwe, akahesabu. Kabiri, mama yake akaitikia. Kufika gatatu walikuwa wanahesabu madereva wote, mpaka kumi. Haikuruka.

Pasikali alisogea, kofia yake ngumu mkononi, macho chini. "Fundi," akasema. "Tukishamzika Mzee, na yangu uiangalie."

Kwa Mama Maximilla, kwa Esperance na ukoo wote wa Nyakitonto, sisi wa redio hii tunawapa pole. Msiba wenu ni wetu. Na wewe unayetusikiliza, jiulize kama umemwachia yeyote kazi yako, na kama umemwambia.

Gereji iko wazi, palepale. Ukifika, usiulize Mzee yuko wapi. Fundi yupo.