Mwanafunzi wa Sita wa Darasa la Tarizi, Skyros

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Naibu Gavana wa Mkoa, karibu kisiwani kwetu Skyros, karibu chumbani kwetu. Sisi washona tarizi tunaapa mbele yako kwamba kila neno utakalosomewa na mzee Anestis, mpishi mstaafu wa meli, ni kweli tupu.

HISTORIA

Tumo katika jengo hili la shule tangu watoto wa kijiji walipoisha. Tunatarizi meli, jogoo na maharusi, kama mama zetu walivyotarizi shuka za kuolewa nazo. Yule jogoo mwekundu uliyemwona mlangoni alishonwa na nyanya yake Bi Zambeta, mwenyekiti wetu. Alitoka hai mno, hata kuku wa jirani wakagoma kutaga mpaka kitambaa kilipokunjwa.

MAFANIKIO

Kazi yetu haina nyuma: ukigeuza kitambaa, ndani ni safi kama nje. Ndivyo tunavyokaguana. Tena tuna wanafunzi sita, idadi ile ile inayotakiwa na ofisi yako ili chumba kisifungwe Septemba.

CHANGAMOTO

Paa linavuja juu ya meza. Macho yetu yamechoka. Bandarini vinauzwa vitambaa vya mashine kwa jina letu.

Nyingine ilizuka jana, tulipokuwa tukifanya mazoezi ya risala hii. Bi Zambeta aliichukua karatasi akaigeuza, kama anavyogeuza kila kitu. Nyuma palikuwa na orodha ya wanafunzi. Majina matano.

"Wa sita ni nani, Anestis? Paka?"

"Yuko njiani, anakuja."

"Anakuja na nini? Leo hakuna meli."

"Sasa wakifunga hapa, Zambeta, utashonea wapi? Jikoni kwako hata dirisha hakuna."

"Heri nishonee gizani kuliko kusimama mbele ya mgeni na uongo wako. Haya, kaa chini. Shika sindano."

MAOMBI

Tunaomba paa. Zaidi ya paa, tunaomba chumba kisifungwe, maana tukitawanyika majumbani hakuna atakayemgeuzia mwenzake kitambaa.

Mwanafunzi wa sita aliandikishwa jana jioni. Ana miaka sabini na minne, na ndiye anayekusomea. Tumeambatanisha leso yake ya kwanza. Jogoo wake amefanana na kiazi. Igeuze ukipenda: nyuma ni mafundo matupu, lakini ni ya kweli.

Mama wa Mungu akulinde, na bahari ikutulie urudipo.

Ni sisi, Darasa la Tarizi la Shule ya Zamani, wanafunzi sita. Unaweza kutuhesabu.