Mungu na Mupira ya Pikipiki

Katika taksi ya kutoka mji wa Baraka kwenda Fizi, Arlette alikuwa safarini kumzika kaka yake, aliyekufa kwa ajali ya ndege ndogo. Akamuuliza shemasi wa kanisa lao, aliyeketi kando yake: "Utasema nini kanisani?" "Nitasema Mungu alimuita." "Mekanisie, fundi wa ndege mwenyewe, alikubali kosa! Tiyo ya kupitisha mafuta ilipasuka, akaifunga na mupira ya pikipiki, sawa vile banafungaka moteri ya boti. Ni Mungu alifunga?" "Mama, bakubwa ba kampuni ya ndege batakuwa pale mbele."

Wakubwa hao tunawajua. Tangu ndege zao zianze kuanguka huku, mshtakiwa wao ni Mungu tu.

"Mungu anaruhusu yote, mama." "Basi ataruhusu na mi niseme."

Taksi ikasimama mbele ya kanisa. Arlette alishuka. Shemasi alibaki akitafuta kofia, ambayo ilikuwa kichwani.